Doa Lisilofifia

Mimi siogopi. Niliwatangazia hivyo siku ya kwanza nilipofika Kituo cha Ukingo, na nimekuwa nikiwakumbusha kila inapopatikana nafasi, hasa kukiwa na mgeni mezani. Kwetu Korogwe woga ulipita ukagonga nyumba ya jirani. Sisi ulitukuta tumelala. Na si kutoogopa tu. Kuanzia Jua mpaka huku Neptuni, ambako Jua lenyewe limebaki kama taa ya baiskeli ya mtu anayekwenda zake, hakuna jicho la binadamu ambalo mimi Heri Shebughe nimetaka kulidanganya likanishinda. Wala hakuna aliyewahi kunikamata.

Usinitazame hivyo. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Kituo chetu kina kioo kimoja, na hata kioo si kioo: ni utandu wa madini, mwembamba kushinda ganda la kitunguu, umetandazwa gizani upana wa mji mzima. Tunauita Utandu, basi. Unakusanya mwanga wa galaksi hafifu, zile ambazo darubini za zamani zilizipita kama tajiri anavyompita shemeji maskini sokoni. Wahesabuji wanakaa mbele ya picha zake kutwa, na kila anayeona galaksi anaizungushia duara la njano lenye jina lake. Mashine zilijaribiwa kwa kazi hiyo. Zikawa zinaona galaksi hata kwenye alama ya kidole.

Sasa utajuaje kama wahesabuji nao wanaona? Unaajiri mwongo. Mwongo anatengeneza galaksi za bandia, kubwa kwa ndogo, ang'avu kwa hafifu, anazichomeka kwenye picha halisi bila kumwambia mtu, na wahesabuji wanakutana nazo humo kama kokoto kwenye mchele. Nikipanda kumi wakaona sita, basi tunajua hata za kweli zinawaponyoka kwa kiasi hicho. Mwongo huyo anaitwa mpandaji. Nilimaliza kidato cha sita kwa alama ambazo mama hazitaji mbele ya watu, lakini kwa kuiga mbingu, atakayenipita bado hajapewa jina.

Kazi ina miiko yake. Msimu ukiisha, picha zote zinakuja kwangu ning'oe mapandikizi, zibaki galaksi za Mungu peke yake. Mpaka siku hiyo hakuna ajuaye kipi cha bandia isipokuwa mimi, kwa hiyo neno la mpandaji halipingwi. Mhesabuji akipeleka kitu kwa mkuu wa kituo na kusema ni cha kweli, nami nikasema "hicho changu", ni changu, mjadala umefungwa. Na mhesabuji akiapia bandia mara tatu katika msimu mmoja, inasemwa macho yake yamechoka. Anarudishwa nyumbani kwa heshima, na shada la maua ya plastiki.

Mwantumu Chilumba hakuwa mtu wa kuchoka macho. Alikuwa dada wa makamo kutoka Masasi, mpole, mwenye tabia ya kutafuna karafuu akifanya kazi, na msimu ule alikuwa ananivuna kama shamba lisilo na mwenyewe. Nikipanda, anaona. Nikififisha zaidi, anaona. Siku moja nilipanda moja hafifu mpaka mimi mwenyewe niliyeipanda niliisahau ilipo. Jioni nikaikuta imezungushiwa duara, na pembeni kaandika "pole mdogo wangu". Watu walicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka, maana mtu wa utani asipocheka anachekwa mara mbili. Lakini ndani nilikuwa nafuka moshi kama kuni mbichi. Kwenye rundo lote la msimu alikuwa ameapia bandia mara mbili tu, na zote mbili mwanzoni.

Ndipo asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, akaja na picha iliyopigwa mwanzo wa msimu.

Mkuu wetu ni Daktari Kemunto Ongwae, sote tunamwita Mama Kemunto, mwanamke wa Kisii mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Mwantumu akamwekea picha mbele, akamwonyesha doa: pana, hafifu, halina kiini, halina mikono, kama pumzi ya mtu kwenye dirisha. Akasema kwa utulivu wake kwamba haamini hili ni pandikizi. Lina ukungu wa ajabu pembezoni, na yeye anaona ni galaksi kongwe kuliko zote alizowahi kuzungushia.

Mama Kemunto, ambaye hawezi kuona kitu bila kukifundisha, akainua kisu. Akatueleza, kwa mara ya mia, kwamba galaksi huzaliwa ndogo na ngumu kama kokwa, mwanga wake umebanana. Halafu inakula majirani, inavimba. Nyota zake zinazeeka, mpya hazizaliwi, na mwanga uleule unatandazwa mahali pakubwa. Siagi ileile, akasema, ipake kwenye kipande kidogo, mkate unang'aa. Ipake kwenye mkate mzima, utauliza kama siagi ilipakwa. Huo ndio mwangaza wa uso: si siagi iko kiasi gani, ni imelala nene kiasi gani. Doa pana namna hii, na jembamba namna hii, likiwa la kweli, ni galaksi iliyokaribia kuzima. Litabeba jina la Mwantumu kwenye vitabu vyote.

Watu walianza kumpa mkono. Mtu akataka kupiga vigelegele.

Nami nikasema, bila hata kuweka kikombe chini, "Hiyo yangu, dada."

Sikupanda doa lile. Sijui hata nilichokuwa nawaza. Nilitaka kuuona uso wake ukianguka mara moja tu, kisha ningesema natania. Uso ukaanguka kweli. Meza nzima ikaangua kicheko, mtu akanipiga bega, Mwantumu naye akatabasamu, akasema safari hii nimempata. Kwa kicheko kile, kile kizuri, kile cha kwangu, nikanyamaza. Nikaandika chini ya duara lake, kama desturi ilivyotaka: YA MPANDAJI, H. SHEBUGHE.

Ikawa ya tatu yake.

Nilijifariji kwa hesabu nyepesi. Galaksi haikimbii. Imekaa pale miaka bilioni kadhaa, haitashindwa kukaa mpaka msimu ujao, na msimu ujao nitaona njia ya kumrudishia. Galaksi yake, jina lake, macho yake. Kila kitu kitarudi, taratibu, bila mtu kuumia.

*

Chombo cha kumrudisha nyumbani kilifika mwisho wa msimu, kikiendeshwa na Nahodha Lusekelo Mwakibinga, Mnyakyusa mkubwa anayecheka mpaka viti vinatikisika. Hakikuwa kinakwenda nyumbani moja kwa moja. Kingetoka kwetu kielekee kwanza upande wa nje, kwa wachimba barafu wa Kisima, kuwapelekea vichujio vya hewa, halafu ndipo kigeuke kurudi kwenye Jua. Abiria kutoka kwetu alikuwa mmoja, Mwantumu. Wangeondoka baada ya chakula cha mchana.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa chumbani kwangu nang'oa. Kung'oa ni raha. Unabonyeza, na galaksi zako zote za uongo zinayeyuka kwa mkupuo mmoja, mbingu inabaki safi kama uwanja uliofagiliwa. Nilibonyeza kwenye picha za mwanzo wa msimu, zikayeyuka. Likabaki doa la Mwantumu, na duara lake la njano, na jina langu chini yake kama kinyesi cha kuku kwenye shuka. Hilo nililijua. Nikaendelea.

Nikafika picha ya juzi ya sehemu ileile ya mbingu, ambayo hakuna mhesabuji aliyekuwa ameifikia. Nikabonyeza.

Doa lilikuwepo. Ila lilikuwa kubwa.

Nilifanya kile mtu yeyote angefanya: nikafuta skrini kwa mkono wa shati. Halafu nikaziweka picha mbili bega kwa bega. Ya mwanzo wa msimu, doa la ukubwa wa ukucha wangu. Ya juzi, doa la ukubwa wa ukucha wa dole gumba la Nahodha. Karibu mara mbili.

Galaksi hazifanyi hivyo. Zinakua, ndiyo, lakini kwa muda ambao milima inasagika mara nyingi ikawa mchanga. Hazikui kati ya chai na mavuno.

Nikajiambia basi ni wingu la gesi linatawanyika. Kitu kinachotawanyika kinapanuka, hiyo ni kawaida, si siagi ileile? Lakini likitawanyika lingefifia. Kadiri linavyopanuka, mwangaza wa uso ungeshuka. Nikapima. Nimepima vitu hivi maisha yangu yote ya kazi, naweza kupima nikiwa nasinzia, na siku hiyo nilipima mara tatu.

Haukushuka. Weupe ulikuwa uleule.

Kuna jambo moja ambalo kila mpandaji hufundishwa wiki ya kwanza, maana bila hilo huwezi kutengeneza galaksi bandia ikaaminika. Simama mbali na ukuta uliopakwa chokaa. Sogea. Ukuta unakuwa mkubwa machoni mwako, lakini hauzidi weupe, wala haupungui. Unakua tu. Kitu kinachokua huku kinafifia, kinatawanyika. Kitu kinachokua bila kufifia hakijabadilika chochote.

Kinakuja.

Nilibaki nimekaa. Nilitafuta utani mmoja wa kujirushia, hata mchovu, sikuupata. Mate yalikuwa yamekauka, ulimi umekaa mdomoni kama soksi ya mtu mwingine. Nikaangalia tena nikiomba Mungu liwe limesogea pembeni, hata unywele, maana kitu kinachopita kando yako husogea kushoto au kulia. Doa halikusogea. Lilikuwa palepale katikati ya nyota zilezile, linanitazama. Kama lilitumia msimu mzima kula nusu ya njia, mwisho wa msimu ujao litakuwa hapa, kwenye meza ya chai.

Wingu la barafu, bila shaka; huku nje hakuna kingine kipana hivi kinachosafiri. Vipande kama punje za mchele, vinaruka kwa kasi ambayo punje moja inatoboa ukuta wa chombo na kutokea upande wa pili. Rada huona mawe ya ukubwa wa nyumba. Mchele haiuoni. Sisi tulikuwa na msimu mzima wa kukunja Utandu na kukisogeza kituo pembeni. Nahodha Lusekelo hakuwa na msimu. Nilifungua ramani ya safari yake na kuiweka juu ya picha, nikitumaini kwa nguvu zangu zote kwamba sijui kusoma ramani. Mstari wa kwenda Kisima ulipita katikati ya doa kama uzi kwenye tundu la sindano.

*

Nilikimbilia gatini. Nahodha alikuwa anahesabu maboksi ya vichujio, anaimba. Nikamwambia asiende leo. Akauliza kwa nini. Nikasema njia si nzuri, nimeona kitu, aahirishe hata kidogo.

Alinitazama, nami nikaona mashavu yake yanaanza kupanda. Safari iliyopita nilimwambia choo cha chombo chake kina nyoka. Ile ya kabla yake nilimtangazia kwenye redio kwamba Mama Kemunto anataka kumwoa. Akasema, hapana Shebughe, leo hunipati, akacheka mpaka boksi likamponyoka. Nilimwambia nasema kweli. Akajibu kwamba hata kuhusu nyoka nilisema nasema kweli, tena nikaapa kwa bibi yangu. Kisha akanipa boksi nimsaidie kubeba. Nikabeba. Nilikuwa natetemeka hadi vichujio vinagongana ndani, naye akaniambia nionane na daktari, huenda ni malaria ya angani.

Nikaenda kwa Mama Kemunto.

Hapo nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilimwambia nimeona kitu kipya kwenye picha ya juzi, kipana, hafifu, kiko kwenye njia ya chombo, na nina wasiwasi si galaksi. Nilisema "kipya". Neno lilitoka laini, kama lililopakwa mafuta.

Mama Kemunto hakucheka. Nadhani ni uso wangu. Aliiangalia picha kwa muda, akavua miwani.

"Picha moja hainiambii kitu, Heri," alisema. "Doa hili laweza kuwa galaksi iliyochakaa huko mwisho wa ulimwengu, laweza kuwa ukungu hapo nje ya mlango. Ukubwa peke yake ni bubu. Nipe picha ya zamani ya hapohapo nilinganishe. Ipo?"

Nikajifanya nainyoosha picha mezani.

Akaendelea, polepole, kama anayejisemea mwenyewe. Kisima kuna familia. Wamekuwa wakipumua kwa vichujio vilivyokwisha muda, na kila siku ya kuchelewa ni ya mtoto wa mtu kukohoa. Hawezi kukizuia chombo kwa wasiwasi wa mpandaji. Lakini akipata picha mbili, ataona kama kinakua. Akijua kimekua kiasi gani atajua kasi. Akijua kasi atamchorea Lusekelo njia ya kuzunguka, na vichujio vitafika. Anachohitaji ni ile ya zamani, basi.

"Ipo?" akarudia.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Nimepafikiria sana tangu wakati ule. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, na mama yule ananipenda kama mpwa wake mtundu. Ningesema: ipo Mama, ni ile ya chai, nilidanganya. Angenitukana kwa Kikisii, angelia kidogo, angeinuka afanye kazi. Mimi ningepanda chombo kilekile kurudi nyumbani badala ya Mwantumu, na mpandaji aliyesema uongo juu ya kitu cha kweli hapati kazi nyingine hata ya kupanda mchicha.

Nikasema nitaitafuta.

Akaniambia nikimbie. Lango litafungwa Mwantumu akishaingia, na likishafungwa hana mamlaka juu ya nahodha.

*

Kwa hiyo elewa nilikuwa naogopa vitu viwili, na haya yangekuwa maneno ya aibu kwa mtu wa Korogwe hata kama kingekuwa kimoja tu. Niliogopa doa lile liue watu. Na niliogopa watu wale wapone halafu wanijue.

Njia ilikuwepo, au nilidhani ipo. Nimpe Mama picha ya zamani bila duara. Nimwambie doa lilikuwepo msimu wote, hakuna aliyeliona, hata Mwantumu na macho yake, ni mimi niliyeliona. Chombo kinapona, Kisima wanapumua, na mimi nakuwa shujaa, jambo ambalo sikuwa na pingamizi nalo.

Shida ni kwamba duara la mhesabuji huchomwa ndani ya picha yenyewe, makusudi, asije akatokea mjanja wa kulivua. Waliofanya hivyo walimsahau mjanja anayelipwa kuiga mbingu. Mbingu si nyeusi, kama mnavyofikiri huko chini. Ina chembechembe, ina vumbi la mwanga, na kila eneo lina chembe zake kama ngozi ya mtu. Ukitaka kufuta mstari wa njano lazima ushone ngozi mpya juu yake, chembe kwa chembe, ifanane na jirani zake. Nilifunga mlango, nikaanza kushona.

Nilianza na jina langu. Hilo liliondoka upesi.

Halafu duara. Na hapo nikaona kile ambacho nilikuwa nakijua tangu mwanzo lakini nilikuwa nimekigeuzia kisogo. Mwantumu ni mtu makini: duara lake lilikuwa limelibana doa kabisa, limekaa juu ya ule ukungu wa pembezoni. Kulifuta ni kugusa ukingo. Na ukingo ndio Mama Kemunto atakaopima. Nikiushona kwa nje kidogo, doa la zamani litaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa, atafikiri limekua kidogo tu, atafikiri linakuja polepole. Atamchorea Lusekelo njia fupi. Nikiushona kwa ndani, itakuwa kinyume chake. Makosa ya unene wa uzi, huku kwetu. Kule nje, sijui ni ya upana gani.

Mkono ulisimama wenyewe.

Nilimwona Nahodha akicheka na boksi lake. Nilimwona Mwantumu kwenye kiti cha abiria, anatafuna karafuu, anatazama dirishani kwa macho yale yanayoona kila kitu, analiona doa, anaona linakua, na hana wa kumwambia. Niliinama nikakaa kichwa kikiwa katikati ya magoti, napumua kama mtu aliyekimbizwa na nyuki.

Kisha, na hili ndilo silielewi mpaka leo, niliinuka nikaendelea. Nilijiambia nitakuwa mwangalifu. Nilijiambia mimi ndiye bora kuliko wote, nikishona mimi hautapotea hata unywele. Nilikuwa nasema kwa sauti, nabembeleza chembe zile kama mtu anayemlaza mtoto: taratibu, taratibu, samahani dada, taratibu. Kipande cha juu cha duara kilikuwa kimeshaondoka. Nilikuwa nimeingia kwenye jina, nimeshafuta MWAN, imebaki TUMU.

"Unaniomba samahani ya nini?"

Sikusikia mlango. Nilidhani nimeufunga, kumbe niliusukuma tu, hofu haifungi milango vizuri. Alikuwa amesimama nyuma yangu ndani ya suti ya safari, kofia mkononi. Alieleza, kabla sijajibu, kwamba ameshaagana na kila mtu isipokuwa mimi, na hakutaka kuondoka nikadhani ana kinyongo.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikasema nafanya usafi tu, nang'oa mapandikizi, mambo ya mwisho wa msimu, aende asije akachelewa, Nahodha hapendi kungoja. Maneno yalitoka mengi kwa mkupuo. Nikainua mkono kuzima skrini, na yeye akaushika kwenye kiganja, bila nguvu, kama mtu anayezuia mtoto asiguse jiko.

Alikuwa anatazama. Nimekwambia kazi yake. Alitazama picha ya kushoto, yenye nusu ya duara lake na nusu ya jina lake. Akatazama ya kulia. Hakupima chochote, hakuuliza chochote. Karafuu ilisimama mdomoni.

"Hiyo ni ile yangu," alisema.

Nilijaribu tena kuifikia skrini.

"Pandikizi halikui, Heri."

Nilisema kitu, sijui nini, nadhani nilisema dada nisikilize.

"Imekua, na weupe ni uleule." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa karibu pumzi. Niliona rangi inamtoka usoni, nikajua amefika pale nilipofika mimi asubuhi, kwa ukuta uleule wa chokaa, ila yeye alifika kwa kutazama mara moja. Akaweka mkono kifuani, kwenye redio ya suti. Suti ikishavaliwa redio huwa wazi kwa nahodha. Ndiyo kanuni, ila sikuikumbuka mpaka nilipomwona akiongea nayo bila kubonyeza kitu.

"Nahodha, umesikia?"

Sauti ya Lusekelo ilijibu kwamba amesikia tangu kwenye samahani. Hakuwa anacheka.

"Zima injini. Mwambie Mama Kemunto aje chumba cha mpandaji, na aje na ramani yako. Picha ya zamani ipo. Ilikuwepo siku zote." Akasogeza uso karibu na skrini. "Imeguswa ukingo upande wa juu. Upande wa chini bado ni mzima, atapimia huo."

Kimya kilichofuata kilikuwa na miguu ndani yake: mtu anakimbia, mbali, kwenye korido, anakuja. Mwantumu alivuta kiti cha pili, akakaa kando yangu na suti yake yote, kofia mapajani, kama tulivyokaa siku nyingi tukibishana juu ya galaksi. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama ile alama ya kufutia, iliyokuwa bado imesimama juu ya herufi T.

"Endelea," aliniambia. "Futa iliyobaki, mdogo wangu, kama unaweza nikiwa nakuangalia."